Majina ya vichaka vya bustani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu vichaka vya mapambo na vya uzio: vinaitwaje kisayansi, vinaitwaje katika lugha mbalimbali, na ufanye nini majina yanapogongana. Majina ya kisayansi na ya lugha za kigeni yako kwenye herufi za mlazo.

Kwa nini nijisumbue na jina la Kilatini wakati jina la kawaida linaeleweka?

Linaeleweka kwa wale wanaolitumia tu, na likihama lugha laweza kuhamia kwenye mmea wenye sumu. Chukua neno la Kifaransa *laurier*. *Laurier-sauce* ni *Laurus nobilis*, jani linalotiwa kwenye mchuzi. *Laurier-rose* ni *Nerium oleander*, yaani oleanda, ambayo kila sehemu yake, mbichi au kavu, ina kemikali zinazovuruga mapigo ya moyo; hata moshi wa kuni zake haufai. *Laurier-cerise* ni *Prunus laurocerasus*, ambao majani yake yakipondwa hutoa sianidi. Ni mimea mitatu ya familia tatu tofauti chini ya neno moja. Kihispania kina mtego huohuo, kwa kuwa *laurel* ni jani la jikoni ilhali *laurel rosa* ni oleanda. Kwa Kiingereza kuna pia *mountain laurel*, yaani *Kalmia latifolia*, nao una sumu.

Namna ya kuitenganisha: majani ya *Laurus nobilis* hupishana kwenye tawi, na ukiyasugua yananukia kiungo. Ya oleanda kwa kawaida hutoka matatu matatu kwenye kila kifundo, ni marefu na membamba, wala hayana harufu ya kiungo. Ya *Prunus laurocerasus* yakisuguliwa hunukia lozi chungu. Tumia pua na macho, kamwe usionje.

Pasipo na sumu, hasara huwa ya maua. *Hydrangea macrophylla* hubeba vichomozo vya maua kwenye matawi ya mwaka uliopita, kwa hiyo hupogolewa mara tu baada ya kumaliza kuchanua. *Hydrangea paniculata* huchanua kwenye matawi mapya, nayo hukatwa kabla ya machipuko kuanza. Lebo iliyoandikwa "haidrenjia" peke yake haikuambii ukate lini, na ukikata ile ya kwanza kwa ratiba ya ile ya pili utapata majani mengi bila ua hata moja. Vilevile ni ya kwanza tu inayobadilika rangi kufuata udongo: bluu kwenye udongo wenye asidi na alumini ya kutosha, rangi ya waridi kwenye udongo wa chokaa. Ukiimwagia *paniculata* dawa ya kuleta bluu, umepoteza dawa.

Jina la kisayansi linaundwa vipi, na linaandikwaje kwa usahihi?

Lina maneno mawili. La kwanza ni jenasi, yaani kundi la mimea iliyo ndugu wa karibu, na huanza kwa herufi kubwa. La pili ni la spishi, yaani aina mahususi ndani ya kundi hilo, na huandikwa kwa herufi ndogo daima, hata likitokana na jina la mtu au nchi. Yote mawili huwekwa kwenye mlazo: *Duranta erecta*, *Ixora coccinea*. Ukiandika kwa mkono, pigia mstari chini. Ukishataja jenasi kwa ukamilifu unaweza kuifupisha baadaye, *D. erecta*, mradi katika andiko hilohilo hakuna jenasi nyingine inayoanza na D.

Mfumo huu ulisimikwa na Msweden Carl Linnaeus, na majina ya mimea yanahesabiwa kuanzia tarehe 1 Mei 1753, kilipotoka kitabu chake *Species Plantarum*. Ndiyo maana mimea mingi ina "L." mwishoni, kama *Lawsonia inermis* L.: hiyo ni alama ya Linnaeus kama mtoaji wa jina. Ukiona "L." iko ndani ya mabano na kufuatiwa na jina jingine, maana yake Linnaeus alitoa neno la spishi, kisha mwingine akauhamishia mmea kwenye jenasi tofauti. Kwa lebo ya bustanini huhitaji kuandika mtoaji wa jina.

Vifupisho utakavyokutana navyo: "sp." ni spishi moja isiyotambuliwa, "spp." ni spishi kadhaa za jenasi hiyo, "subsp." ni nususpishi, "var." ni tofauti ya kimaumbile iliyo chini ya spishi, "syn." hutangulia kisawe. "Cf." ina maana kwamba aliyeandika anadhani ndiyo spishi yenyewe lakini hajathibitisha. Muuzaji akikupa mche wenye "cf.", amekuambia ukweli, na anastahili kuaminiwa zaidi ya anayekisia akaficha.

Mbona neno la pili hubadilika mwisho: *variegatus*, *variegata*, *variegatum*?

Ni upatanisho wa kisarufi. Kilatini kina jinsia tatu za nomino, na kivumishi hufuata nomino yake kama vile kwa Kiswahili ngeli huamua tuseme "mti mrefu" au "jani refu". *Codiaeum* ni ya jinsia ya tatu, ndiyo maana tunasema *Codiaeum variegatum*; *Duranta* ni ya kike, *Duranta erecta*; *Hibiscus* ni ya kiume, *Hibiscus syriacus*. Mmea ukihamishwa jenasi, mwisho wa kivumishi unaweza kubadilika bila maana kubadilika, kwa hiyo unapotafuta kwenye hifadhidata jaribu miisho yote mitatu. Si kila neno la pili ni kivumishi, lakini. Katika *Lantana camara* na *Nerium oleander* neno la pili ni nomino, na nomino haipatani na chochote.

Je, maneno hayo yana maana inayonisaidia bustanini?

Mengi yanayo, na ni elimu ya bure. *Coccinea* ni nyekundu iliyokolea, *alba* nyeupe, *lutea* manjano. *Grandiflora* ina maua makubwa, *macrophylla* majani makubwa, *microphylla* majani madogo. *Odorata* na *fragrans* hunukia. *Scandens* hupanda juu ya vitu, kwa hiyo andaa nguzo. *Repens* hutambaa. *Spinosa* ina miiba na *inermis* haina silaha, ingawa mhina wenyewe, *Lawsonia inermis*, ukizeeka huota miiba kwenye vitawi. *Sempervirens* haipukutishi majani. *Officinalis* ilikuwa ikiuzwa kama dawa zamani, jambo ambalo si idhini ya kuinywa leo. *Pulcherrima* ni nzuri kupita zote.

Yasome kama dokezo. *Duranta* ile ile ilipewa na Linnaeus mwaka 1753 majina mawili, *erecta*, yaani iliyosimama wima, na *repens*, yaani inayotambaa. Leo tunajua ni spishi moja, na jina linalokubaliwa ni *Duranta erecta*. Vitunda vyake vya manjano, tukitaja tu, ni sumu kwa watoto na mbwa.

Jina likiwa na nchi ndani yake, mmea umetoka huko?

Usiamini kabla ya kukagua. *Hibiscus syriacus* asili yake ni Asia ya Mashariki, si Syria. Ni ua la taifa la Korea Kusini, ambako huitwa *mugunghwa*. *Simmondsia chinensis*, yaani jojoba, ni kichaka cha jangwa la Sonora kati ya Marekani na Meksiko, hakikutoka China. Makosa haya hayasahihishwi kwa sababu kanuni za kimataifa haziruhusu jina kutupwa eti maana yake haifai. Jina ni kitambulisho kwanza, maelezo baadaye.

Kosa hili hugharimu pale mtu anapopanga maji na udongo kwa kusoma jina. Jojoba ikimwagiliwa kama mmea wa China yenye mvua, mizizi itaoza.

Kwa nini majina ya kisayansi hubadilika, na je, nibadilishe lebo zangu?

Sababu kubwa ni mbili. Ya kwanza ni ukoo kueleweka vizuri zaidi, siku hizi hasa kwa kupima vinasaba. Rozmari ilikuwa *Rosmarinus officinalis* tangu 1753. Uchunguzi ulipoonyesha kwamba imo ndani ya ukoo wa *Salvia*, ilihamishwa na sasa ni *Salvia rosmarinus*. Haikuweza kuitwa *Salvia officinalis* kwa kuwa jina hilo tayari ni la seji, na mimea miwili haiwezi kushiriki jina moja. Shirika la bustani la Uingereza, Royal Horticultural Society, lilipokea badiliko hilo mwaka 2019. Kwa njia hiyohiyo vichaka vingi vilivyokuwa *Cassia* viko *Senna* sasa, kwa mfano *Senna didymobotrya*. *Thevetia peruviana* ni *Cascabela thevetia*. Na azalia zote zimo ndani ya *Rhododendron*.

Ya pili ni haki ya aliyetangulia. Kichaka cha maua ya samawati kilichozoeleka kama *Plumbago capensis*, jina lililotolewa na mtaalamu wa mimea Thunberg mwaka 1794, kilikuwa kimeshapewa na mtaalamu mwenzake Lamarck jina *Plumbago auriculata* mwaka 1786. La 1786 ndilo linalosimama.

Ipo sababu ya tatu, ya nadra, na ni ya heshima. Mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa mimea uliofanyika Madrid mwaka 2024 uliamua kwamba maneno ya spishi yaliyojengwa juu ya tusi la kibaguzi, kama *caffra*, yaandikwe *affra* na mfano wake. Kwa hiyo mmea wa uzio wenye miiba mirefu na matunda ya manjano, uliojulikana kama *Dovyalis caffra*, ni *Dovyalis affra*. Uamuzi huo ulichelewa, lakini ulikuwa sahihi kabisa, na hakuna sababu ya kuendelea kuandika umbo la zamani isipokuwa ndani ya mabano kwa wanaotafuta.

Kuhusu lebo: usizitupe. Andika jina jipya, kisha ongeza "syn." na la zamani. Vitabu, mashamba ya miche na orodha za mbegu huchelewa kubadilika kwa miaka mingi, nawe utahitaji majina yote mawili ili kupata habari.

Nimekuta majina matatu ya kisayansi kwa mmea mmoja. Nitajuaje lipi linakubalika?

Tafuta kwenye Plants of the World Online, hifadhidata ya bustani ya Kew, au World Flora Online. Andika jina lolote ulilo nalo. Ukurasa utakuambia kama linakubalika au ni kisawe, na kama ni kisawe utakupeleka kwenye linalokubalika. Hifadhidata mbili zikitofautiana, na hutokea, hilo si kosa lako: ni wataalamu ambao hawajakubaliana mpaka wa jenasi uwe wapi. Chagua moja, ifuate kwa mimea yako yote, na usichanganye.

Angalia pia tahajia. Herufi moja ikikosewa, hifadhidata nyingine hurudisha patupu na nyingine hukupa mmea mwingine kabisa.

"Yasmini" hasa ni ipi?

Hapa ndipo pana mkanganyiko mkubwa kuliko wote, kwa sababu katika lugha nyingi kila ua jeupe linalonukia limewahi kuitwa hivyo. Yasmini au asumini tunayoijua kwa vikuba na mashada ni *Jasminum sambac*. Wafilipino huiita *sampaguita* na ni ua lao la taifa, Waindonesia *melati*, kwa Kihindi ni *mogra*, kwa Kiarabu *full*. Majani yake ni mazima, yametazamana, na tawi likikatwa halitoi utomvu mweupe.

Gadenia, *Gardenia jasminoides*, kwa Kiingereza huitwa *Cape jasmine* na Waargentina huiita *jazmín*, ingawa ni ya familia ya mibuni na asili yake ni Asia ya Mashariki. Majani yake yametazamana, yanang'aa, na kati ya vikonyo viwili kuna kiganda chembamba kinachokumbatia shina. Hudai udongo wenye asidi, pH 5 hadi 6. Ukiipanda kwenye udongo wa chokaa kwa kudhani ni yasmini, majani yatageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, dalili kwamba mizizi haifikii madini ya chuma. Mbolea ya kawaida haitaiponya; shusha pH au ipande kwenye chungu chenye mchanganyiko wa asidi.

*Trachelospermum jasminoides* hutambaa ukutani, maua yake yamepinda kama pangaboi, na ukikata tawi hutoka utomvu mweupe. Hicho ndicho kipimo cha haraka kuliko vyote. *Murraya paniculata* ina majani yaliyogawanyika vijani vidogo vinavyopishana, na ukivisugua vinanuka kama jani la mlimau, kwa kuwa ni ndugu yake.

Mbili za kuogopa: *Cestrum nocturnum*, inayonukia usiku na kuitwa *raat ki rani* kwa Kihindi, majani yake hupishana na vitunda vyake vyeupe ni sumu, na *Gelsemium sempervirens*, *Carolina jasmine* kwa Kiingereza, yenye maua ya manjano na sumu kila mahali. Kamwe usitie ua lolote kwenye chai kwa sababu tu lebo inasema yasmini.

Na usishangae ukisikia Mpoland akiita *jaśmin* kichaka cha *Philadelphus*. Jina sahihi la Kipolandi ni *jaśminowiec*, ila watu hulikata. *Philadelphus* huyohuyo zamani aliitwa *syringa* kwa Kiingereza, ilhali *Syringa* kisayansi ni jenasi ya lailaki, na huko Afrika Kusini *syringa* ni mti mwingine, *Melia azedarach*.

Nimeambiwa krotoni yangu si krotoni. Inawezekanaje?

Kichaka cha majani ya rangi mchanganyiko, mekundu, manjano na kijani, ni *Codiaeum variegatum*. Linnaeus aliiweka kwenye jenasi *Croton* mwaka 1753, baadaye ikahamishwa, lakini wakulima wa maua duniani kote walikuwa wameshazoea. *Croton* yenyewe ni jenasi kubwa yenye spishi zaidi ya elfu, nyingi zikiwa vichaka na miti ya porini, baadhi zikiwa na sumu kali. Zote mbili ni za familia moja, Euphorbiaceae, kwa hiyo utomvu wa zote uepushe na macho. Ukitafuta dawa ya wadudu au ushauri wa kukata vipandikizi, tafuta kwa *Codiaeum*. Ukitafuta "Croton" utapata habari za mimea mingine.

Kiswahili chenyewe kina majina yanayogongana?

Kinayo, kama lugha yoyote iliyoenea. Mfano mzito ni mbono. Kwa wengine mbono ni *Ricinus communis*, ambao wengine huuita mbarika au mnyonyo. Kwa wengine ni *Jatropha curcas*, unaoitwa pia mbono kaburi na kupandwa kama uzio. Mbegu za yote mawili ni sumu, ila mafuta yake hayatumiki sawa: ya *Ricinus* yakishatengenezwa ipasavyo yametumika kama dawa ya kuharisha, ya *Jatropha* hayanywewi kabisa. Jani la *Ricinus* limechanika kwa kina, vidole saba na zaidi, na mbegu ina madoadoa ya kumetameta. Jani la *Jatropha* lina pembe za juujuu tu, na mbegu ni nyeusi.

Mchongoma nao ni jina la *Flacourtia indica*, lakini watu wengi huuita hivyo uzio wowote wa miiba. Ukiagiza miche ya "michongoma" unaweza kuletewa mimea mitatu tofauti, kila mmoja na kasi yake ya kukua.

Kuna majina mengine yasiyo na utata: mhina ni *Lawsonia inermis*, mkomamanga ni *Punica granatum*, mlangilangi ni *Cananga odorata*. Huu wa mwisho ni mti mkubwa. Wenye bustani ndogo watake *Cananga odorata* var. *fruticosa*, ambao hubaki kichaka. Hapo maneno mawili ya ziada yanaokoa msingi wa nyumba.

Haibiskasi ina majina mangapi?

*Hibiscus rosa-sinensis* ni *bunga raya* Malaysia, ambako ni ua la taifa, *kembang sepatu* Indonesia, *gumamela* Ufilipino, *gudhal* kwa Kihindi na *joba* kwa Kibengali. Ndani ya Kihispania peke yake ni *cayena* Venezuela, *cucarda* Peru, *tulipán* Meksiko na *amapola* Puerto Rico, ilhali kwa Wahispania *amapola* ni ua jingine kabisa, lile jekundu la mashamba ya ngano. Neno *Jamaica* kwa Wameksiko ni *Hibiscus sabdariffa*, yaani choya au rozela, *karkadé* kwa Waarabu na *bissap* Senegal. Kinachotengenezewa kinywaji ni ganda jekundu linalobaki baada ya petali kuanguka, wala si petali. Kwa *rosa-sinensis* ganda hilo halinenepi.

Kwa Kiingereza *rose of Sharon* huko Marekani ni *Hibiscus syriacus*, na Uingereza ni *Hypericum calycinum*, kichaka kifupi cha maua ya manjano. Watu wa lugha moja wakiagiziana miche kwa jina hilo hukosana.

Na bugenvilia, na lile ua jekundu la Krismasi?

*Bougainvillea* imebeba jina la baharia Mfaransa Louis-Antoine de Bougainville, na karibu lugha zote zimelichukua na kulikunja kwa ulimi wake. Lakini Waargentina huiita *Santa Rita*, Wabrazili *primavera* au *três-marias*, na sehemu za Amerika ya Kati ni *veranera*. Ua la Krismasi, *Euphorbia pulcherrima*, lilikuwa *cuetlaxochitl* kwa Kinahuatl. Wameksiko wa leo husema *nochebuena*, Wajerumani *Weihnachtsstern*, Waturuki *Atatürk çiçeği*, na Kiingereza hutumia jina la mwanadiplomasia Poinsett. Katika mimea yote miwili sehemu yenye rangi ni majani maalumu yanayozunguka maua, na maua halisi ni yale madogo katikati. Ndiyo maana "ua" hilo hudumu kwa wiki nyingi.

Yale maneno kwenye alama za nukuu, na ile alama ya ×?

Alama ×, inayosomwa "chotara", huonyesha mmea uliotokana na spishi mbili: *Bougainvillea* × *buttiana*. Mbegu zake hazitazaa mmea uleule, kwa hiyo kwa chotara nunua au kata vipandikizi.

Maneno kwenye alama moja moja za nukuu ni jina la kaltiva, yaani aina iliyochaguliwa na kuendelezwa na watu: *Duranta erecta* 'Gold Mound'. Hayaandikwi kwa mlazo na hayatafsiriwi. Tangu tarehe 1 Januari 1959 jina jipya la kaltiva haliruhusiwi kuwa la Kilatini.

Usilichanganye na jina la biashara, ambalo hubadilika kutoka nchi hadi nchi. Waridi maarufu la manjano lililotolewa na Francis Meilland wa Ufaransa ni 'Madame A. Meilland'. Marekani liliuzwa kama Peace, Ujerumani kama Gloria Dei, Italia kama Gioia. Ukinunua yote manne umenunua waridi moja mara nne. Kwenye lebo tafuta jina lililo ndani ya nukuu, hata likionekana kama msimbo usiotamkika. Hilo ndilo lisilobadilika.

Sina jina lolote. Nianzie wapi?

Piga picha hizi kabla ya kuuliza mtu au programu yoyote: kichaka kizima, kipande cha tawi chenye vifundo vitatu au zaidi, kuonyesha kama majani yametazamana, yanapishana au yamezunguka, jani upande wa juu na wa chini, ukiweka rula kando, ua kwa mbele na kwa ubavu, tunda, na tunda lililopasuliwa. Andika mambo ambayo picha haionyeshi: harufu ya jani likisuguliwa, rangi ya utomvu, kama shina ni la pembe nne, mwezi unaochanua. Vaa glovu unapokata.

Kosa la kawaida ni kupiga picha ya ua peke yake. *Brugmansia* na *Datura* zote zina maua ya tarumbeta na zote ni sumu. Kinachotenganisha ni kwamba ya *Brugmansia* huning'inia kwenye mti mgumu na tunda lake ni laini, ya *Datura* huelekea juu na tunda lake kwa kawaida lina miiba.

Programu za simu kama Pl@ntNet na iNaturalist ni nzuri, hasa kwa jenasi. Kwa spishi zinazofanana hukosea, na kaltiva haziwezi kuijua. Chukua mapendekezo matatu ya kwanza, kisha linganisha kila moja na maelezo uliyoandika. Kwa kitu kinachokusudiwa kuliwa au kunywewa, jibu la simu halitoshi. Peleka tawi lenye maua kwenye hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, au kwa mtaalamu wa mimea.

Ninatamkaje majina haya?

Hakuna matamshi rasmi. Anayezungumza Kiswahili anaanza vizuri, kwa kuwa irabu tano za Kilatini zinakaribiana sana na zetu. "Ae" soma e, "ph" soma f, "ch" soma k. Tamka silabi zote bila kumeza yoyote, nawe utaeleweka popote.

Ninaagiza miche au mbegu kutoka nchi nyingine. Niandike nini?

Jenasi, spishi, kaltiva kama ipo, na kisawe kinachojulikana zaidi. Cheti cha afya ya mimea kina sehemu ya jina la kibotania, na orodha za magugu yaliyopigwa marufuku huandikwa kwa majina hayohayo. Kagua mapema: *Lantana camara* ni pambo katika orodha za wauzaji wengi, na wakati huohuo imo katika orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Jina zuri la biashara halitaupitisha mzigo forodhani.

Lebo gani hudumu?

Kalamu ya wino wa kudumu hufifia juani. Penseli laini kwenye plastiki isiyong'aa hudumu zaidi, na ukanda wa alumini uliochorwa kwa kalamu ngumu hudumu kuliko yote. Andika jina kamili, ulikotoa mche na mwaka. Funga kwa waya uliolegea kwenye tawi la pembeni, usifunge shina kuu, kwa kuwa shina likinenepa waya hulikaba. Zika lebo ya pili inchi chache chini ya udongo upande mmoja uliouamua kwa bustani nzima, ili ile ya juu ikipotea ujue pa kuchimba.

Kichaka changu hakina jina la Kiswahili. Naweza kukipa?

Unaweza, na lugha huishi kwa njia hiyo. Kwanza uliza wazee na wauza miche. Mara nyingi jina lipo ila halijaandikwa. Likikosekana, ingiza jina la jenasi kwenye ngeli ya miti, kama mwoleanda au mgadenia, au tumia sifa inayoonekana. Epuka kuongeza "mwitu" au "kizungu" kwenye jina la mmea unaolika kama huna hakika ni ndugu, maana msikilizaji atadhani nao unalika. Na kila unapolitumia kwa maandishi, weka jina la kisayansi pembeni yake mara ya kwanza.